Kwa nini moyo unagoma kuuza kwa hasara?

Muuza mitumba, Owino, Kampala:
Jamani, nina jaketi nililonunua 30,000. Wateja wanatoa 22,000, nakataa, ingawa pesa hiyo ingeniletea blauzi zinazotoka haraka. Hali hii inaniumiza. Tatizo ni nini?

Mwalimu, Jinja:
Dada, wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza mwaka 1979: uchungu wa kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi kilekile. Unaipima kila bei kwa ile 30,000, lakini mteja haijui wala haimhusu. Hata tumbili wadogo waitwao kapuchini, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2006, walionyesha tabia hiyo walipobadilisha vipande vya chuma kwa matunda. Huenda basi ni ya kale kuliko soko.

Wa bodaboda, Mbale:
Na njaa? Mimi nisipokula mchana, jioni nakubali nauli yoyote.

Mwalimu, Jinja:
Ndugu, kula kwanza, ndipo upatane bei. Dada, jiulize: ungekuwa na 22,000 mkononi leo, ungelinunua jaketi hilo?

Muuza mitumba:
Hapana. Ningechukua blauzi. Kesho naliuza.