Mjadala: Cressida Dick alistahili kupewa ukamishna wa polisi London?

Wadau, kila akitajwa Cressida Dick, sifa ya kwanza ni kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa kamishna wa polisi wa London. Ni kweli: jeshi lile lilianzishwa 1829, na hadi 2017 wakuu wake wote walikuwa wanaume. Swali langu ni kama kiti kile alipaswa kupewa yeye.

Turudi Julai 22, 2005. Wiki mbili nyuma mabomu yalikuwa yameua watu 52 London, na jana yake watu wengine walijaribu tena, mabomu yakagoma. Askari kanzu wakamfuata Jean Charles de Menezes, fundi umeme wa Kibrazili mwenye miaka 27, aliyetoka katika jengo lililohusishwa na mtuhumiwa. Akapanda basi wakimtazama, akashuka kituo cha Stockwell, akaingia kwenye treni. Mle ndani ya behewa akapigwa risasi saba za kichwa. Hakuwa na bomu wala kosa. Aliyeongoza operesheni ile kutoka makao makuu ni Dick.

2007 mahakama ililitia hatiani jeshi zima kwa sheria ya usalama na afya kazini, faini pauni 175,000. Raia wa juri wakaongeza kuwa Dick binafsi hana lawama. Watetezi wake husimama hapo, nami hoja yao naiheshimu, maana taarifa zilizomfikia asubuhi ile zilikuwa za kuchanganya. Tena ni haki yake kukumbukwa kwamba alisimamia uchunguzi mpya wa mauaji ya Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyeuawa na wabaguzi wa rangi London, hadi wawili wakafungwa 2012, karibu miaka 19 baada ya kijana yule kuchomwa kisu.

Bado nasema hapana. Kukosa hatia si sababu ya kupanda cheo. Familia ya marehemu ilipinga uteuzi ule waziwazi, haikusikilizwa. Watanzania tunamkumbuka Mzee Mwinyi: raia walipokufa mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga miaka ya 1970, yeye hakumgusa mtu, lakini alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu. 1985 akawa Rais, na hakuna aliyemwona dhaifu.

Panaponiuma zaidi ni 2021. Askari wa jeshi lake, Wayne Couzens, alimteka Sarah Everard kwa kitambulisho cha kazi, akambaka na kumuua. Wanawake walipokusanyika Clapham kumwomboleza, baadhi walitiwa pingu, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikasema polisi walivunja haki za walioandaa mkusanyiko. Katikati ya hayo, Septemba 2021, Dick akaongezewa miaka miwili! Hakuimaliza. Februari 2022 zikaanikwa jumbe za askari wa kituo cha polisi cha Charing Cross, London, wakifanyia mzaha ubakaji na ubaguzi wa rangi, Meya Sadiq Khan akasema hana tena imani na Dick, naye Dick akajiuzulu.

Mnaomtetea, nijibuni hili moja: jeshi likikutwa na hatia na kila afisa akaambiwa hana lawama, mama yake Jean Charles amdai nani?