Tikiti zangu Igombe zina maua ya kumwaga ila vitunda vinadondoka na vilivyobaki vimepinda, shida ni nini?

Mkulima wa Igombe:
Wakuu habari za humu. Naomba msaada maana naona hela inaondoka hivi hivi. Nimelima tikiti ekari moja na nusu njia ya kwenda bwawa la Igombe hapa Tabora, namwagilia kwa pampu, mbegu nimenunua zile za kopo za bei mbaya, mbolea nimeweka, shamba limependeza mpaka wapita njia wanasimama kuliangalia. Maua yapo ya kutosha. Sasa vitunda vinatoka vinafika ukubwa wa gololi, siku mbili tatu vinageuka njano, vinasinyaa, vinadondoka. Na yale yaliyobaki yanakua yamepinda, upande umenenepa upande umebana kama kibuyu cha kuwekea maziwa, hilo nani atanunua pale sokoni.

Nilihisi ni wadudu kwa hiyo napiga dawa kila baada ya siku nne, naanza saa nne asubuhi nikishamaliza kumwagilia. Muuza duka la pembejeo kaniambia niongeze kipimo halafu nichanganye na dawa nyingine ya unga. Nimeshainunua ipo ndani.

Ila jana mke wangu kanishtua. Kaja shambani kuniletea chai, kasimama akaniuliza mbona humu kimya hivi. Nikamwambia unataka shamba lipige kelele? Alipoondoka nikazima pampu nikasikiliza, kweli bwana, hamna mvumo wa kitu chochote. Mwaka juzi nililima maboga hapa hapa, asubuhi ukiingia ni vuuu vuuu kila ua lina mtu wake. Sa hivi hata nyuki mmoja hayupo.

Swali, niongeze dawa au niache? Wenye uzoefu tafadhali.

Fundi Mbolea:
Hiyo boroni, kile kirutubisho cha mmea, imepungua mkuu. Piga busta ya maua mara mbili, wiki moja tu utaleta majibu hapa.

Dada wa Kipalapala:
Kaka usiongeze dawa, na hiyo busta subiri kwanza. Kesho asubuhi kabla hujagusa pampu okota vitunda vitano vilivyodondoka, chukua kiwembe, vipasue. Ukikuta kwenye ganda kuna kidoa kama cha sindano kimetoa gundi na ndani kuna funza weupe, huyo ni inzi wa matunda, kakutagia mayai. Ukikuta ndani kusafi, hamna tundu hamna funza, kimesinyaa chenyewe tu, basi ua lake halikuchavushwa. Hizo ni shida mbili tofauti kabisa, na wewe inaonekana umeitibu ya kwanza kwa nguvu mpaka ukaitengeneza ya pili.

Tikiti lina maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja. Jike utalijua, chini yake kuna kitikiti kidogo chenye manyoya, dume lina kikonyo kitupu. Ua linafunguka jua likitoka, mchana joto likikolea linafunga na halifunguki tena, maisha yake ni asubuhi hiyo hiyo moja. Ule unga wa njano unanata, upepo hauwezi kuubeba, lazima mdudu aubebe miguuni, na sio kutua mara moja akaondoka, jike linataka litembelewe mara nane au zaidi ili unga ufike pande zote tatu za kile kidole cha katikati. Upande ambao unga haukufika mbegu hazijai, na pasipo na mbegu nyama hainenepi, ndio hicho kibuyu chako. Kata hilo lililopinda uangalie mwenyewe, upande uliobana utakuta vimbegu vyeupe laini havina kitu.

Sasa wewe unapiga dawa saa nne. Saa nne ndio wako kazini kaka! Umewakuta mezani wanakula ukawamwagia sumu.

Kwa sasa usikae tu kusubiri nyuki warudi, fanya kazi yao. Saa moja asubuhi chuma ua dume lililofunguka vizuri, nyofoa majani yake ya njano ibaki ile katikati yenye unga, kalisugue taratibu kwenye kidole cha ua jike, zungusha pande zote. Dume moja linatosha majike mawili. Funga kamba ya rangi ujue uliyoyafanya. Inachosha, sikudanganyi, mimi nilifanya mistari mitatu mgongo ukaniuma siku mbili, ila nilivuna.

Mzee wa Mizinga:
Wabeja dada umeeleza vizuri sana. Mimi niko Sikonge, nina mizinga porini toka enzi za marehemu baba, kwa hiyo hili jambo naliona kutokea upande wa pili, upande wa nyuki.

Mwaka jana jirani yangu alilima nyanya bondeni chini ya mizinga yangu minne. Siku moja naenda kuangalia nakuta mbele ya mzinga chini kumejaa, sio kumi sio ishirini, ukiweka mguu unakanyaga. Wengine bado wanazunguka kama walevi, wanajaribu kuruka wanaanguka. Waliokufa ulimi umetoka nje. Ukishaona nyuki kafa ulimi nje usihangaike kutafuta mchawi, huyo ni sumu. Nikateremka bondeni nikamkuta jamaa na bomba la solo mgongoni anapiga dawa, jua hilo utosini, maua yamefunguka yote. Hatukugombana. Nilimwita nikamwonyesha, akashika kichwa. Hakujua, na dukani hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo kijana wangu kama lazima upige, piga jioni, saa kumi na mbili hivi, maua yameshafunga na nyuki wamerudi kwao, na upepo umetulia. Asubuhi dawa ya maji nyingi inakuwa imekauka, ingawa zipo kali zinazokaa siku kadhaa kwa hiyo soma kibandiko, ukiona picha au onyo la nyuki hiyo usiiguse wakati wa maua. Na hiyo ya unga uliyoinunua rudisha dukani kama wanapokea. Unga ndio mbaya kuliko yote maana nyuki anaubeba kwenye manyoya yake akidhani ni chakula, anaupeleka nyumbani wanakula watoto.

Kuna jambo jingine watu hawalitazami. Sa hivi mti wa mtundu unakaribia kuchanua, si unaona majani mapya mekundu huko porini. Mtundu ukichanua nyuki akili yote inakuwa huko, tikiti lako ni kachumbari tu kwao. Zamani pori lilikuwa karibu na mashamba, anapita kwako akienda akirudi. Leo pori liko wapi? Toka Urambo mpaka huku kwetu miti imeingia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, na mimi siwezi kumnyooshea mtu kidole maana nilikausha tumbaku miaka tisa, nilikata mtundu nikakata na mninga kuchoma kuni tu, leo nikikumbuka ile mininga najionea aibu. Na sisi warina asali tuna dhambi yetu pia. Baba alikuwa anatengeneza mizinga ya magome, unauvua mti gome zima kama unamvua mtu kanzu, mzinga unapatikana mzuri kweli, lakini mti umekufa, chakula chake kinapita humo humo kwenye gome. Mzinga mmoja, mti mmoja. Tunamwekea nyuki nyumba kwa kuua mti wenye ua atakalokula. Mimi sa hivi natumia ya mbao, pale Tabora mjini kuna Chuo cha Ufugaji Nyuki, nenda uulize wakuelekeze vipimo hata fundi wa mtaani atakutengenezea.

Sauti ya Mtaa:
Wakuu na nyie mnakuza mambo. Haya ya kulinda nyuki sijui vipepeo ni ya wazungu walioshiba. Mkulima anataka hela, akiacha dawa inzi watamla mpaka shina. Mimi napiga muda wowote nikipata nafasi na navuna.

Dada wa Kipalapala:
Unavuna nini kaka? Kama ni mahindi au mpunga sikatai, mahindi upepo unachavusha na mpunga unajichavusha wenyewe. Tikiti, boga, tango, alizeti, embe, hayo yote yanamtegemea mdudu. Na hao wazungu unaowasema mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kutumia dawa ya wadudu ya imidaklopridi na wenzake wawili mashambani nje kwa sababu ya nyuki, walishasoma somo kwa hasara. Nenda kageuze chupa yako usome nyuma kuna jina gani, halafu urudi utuambie nani kashiba.

Mwana wa Ujiji:
Mimi niko Kigoma nimefurahi huu uzi. Huku kwetu kuna wazee wa mawese ukiwauliza mchikichi unachavushwa na nini wanakuambia upepo. Kumbe kuna vidudu vidogo vyeusi jamii ya fukusi, vinaishi kwenye maua dume ya mchikichi, ukipita asubuhi unasikia harufu tamu tamu hivi, hiyo harufu ndio inawaita. Vinatoka dume vinaingia jike, ngazi, yaani shada la chikichi, inajaa kweli kweli. Malaysia walipanda michikichi mamilioni ila vile vidudu hawakuwa navyo, wakawa wanaajiri watu kuchavusha kwa mikono, mpaka mwaka 1981 wakavichukua Cameroon wakavipeleka kwao. Yaani mtu anasafirisha mdudu toka Afrika kwa ndege, sisi tunao bure tunawapulizia dawa na kuchoma moto chini ya michikichi.

Na sio nyuki wa asali tu jamani. Yule mweusi mkubwa anayetoboa mbao za paa tunamfukuza na fagio, huyo anachavusha. Na nyuki wadogo wasiouma, wale wanaotokea kwenye ufa wa ukuta na kamrija ka nta mlangoni, bibi yangu alikuwa anaziba hako katundu na udongo akiona wanaleta uchafu. Siku hizi nimeacha wakae dirishani kwangu, wanafanya kazi kwenye pilipili na nyanya zangu nilizopanda kwenye makopo, hawamsumbui mtu.

Fundi Mbolea:
Ila boroni nayo ipo jamani msiikatae kabisa.

Dada wa Kipalapala:
Ipo kaka, hatujaikataa. Apasue kwanza.

Mkulima wa Igombe:
Wakuu samahani nilipotea wiki tatu, simu ilikuwa mbovu. Naleta mrejesho.

Nilipasua vitano kama dada alivyosema. Kimoja kina funza, vinne visafi kabisa. Lile lililopinda nililikata mbele ya mke wangu, mbegu nyeusi upande mmoja na vile vyeupe upande mwingine kama ulikuwepo dada. Mke wangu hakusema neno, kaniangalia tu.

Nikafanya hivi. Dawa niliacha wiki nzima ya kwanza, vitunda vyote vilivyodondoka na vilivyooza niliokota nikafukia shimo la kufika gotini kwa ajili ya wale funza, maana nilikuwa naviacha pale pale navyo vinazaa inzi wapya. Nikatundika mitego ya chupa za maji pembeni ya shamba. Baada ya hapo nimepiga dawa mara moja tu, jioni, kigiza kinaingia. Yale magugu yenye maua pembezoni mwa mfereji nilikuwa nimepanga kuyafyeka nimeyaacha, na nimeweka sahani pana ina mawe na maji kidogo kwa sababu nilimwona nyuki anakufa maji kwenye ndoo.

Kuchavusha kwa mkono tumefanya mistari minne, mimi na mama watoto na watoto kabla hawajaenda shule, mtoto wa kike ana mkono mwepesi kuliko wote. Ile mistari imeshika, matunda ya duara kabisa mpaka nimeanza kupunguza. Mingine iko nusu kwa nusu, sitavuna nilivyopiga hesabu, hasara ipo. Ila juzi saa mbili asubuhi nilizima pampu nikasimama, nikahesabu nyuki kumi na mmoja mstari mmoja. Na mmoja mweusi mkubwa yule wa paa.

Ile dawa ya unga duka limekataa kuirudisha, nimeifungia juu kwenye dari mbali na watoto, sijui niipeleke wapi.

Sasa mzee wangu wa Sikonge shikamoo, nataka mzinga. Ekari moja na nusu nahitaji mingapi, na niweke wapi? Nilifikiria pale karibu na pampu kwenye kivuli cha mwembe.

Mzee wa Mizinga:
Marahaba kijana wangu, umenifurahisha. Miwili inakutosha kwa kuanzia. Ila kwenye pampu hapana kabisa! Mtetemo wa mashine na moshi wake unawachokoza, na hapo ndipo mkeo na watoto wanapochota maji. Nyuki wetu sio wa mchezo, weka mita 200 au zaidi toka kwenye nyumba na njia, penye kichaka kikate mwelekeo wao wapae juu kwanza, mlango ugeukie upande ambao watu hawapiti. Itundike kwa waya, waya upake grisi siafu wasipande. Usiende kununua nyuki, ukishapaka nta ndani wanakuja wenyewe, na huu ndio msimu wake. Hiyo dawa ya unga usiimwage wala usiichome, kamuulize bwana shamba wa kata.

Mkulima wa Igombe:
Sawa mzee. Kuna kichaka kizuri kule mwisho ila mke wangu anauliza, mbuzi wetu huwa tunawafunga kamba pale pale.

Mzee wa Mizinga:
Mbuzi wahamishe kabla ya mzinga kufika. Mbuzi wa kamba hana pa kukimbilia.