Namba 4,294,967,297 ni tasa au si tasa? Msaada wa haraka, wakuu

KoroshoMbichi: Habari za usiku wakuu. Niko Newala. Hiyo namba hapo juu imeninyima usingizi. Si shufwa, haiishii na 5, jumla ya tarakimu zake ni 59 kwa hiyo 3 imegoma. Nimeigawa kwa kikokotoo cha dukani kwa tasa zote mpaka 97, kila moja inaacha baki. Nahitaji jibu kabla ya asubuhi.

LigulaKwetu: Hakuna mtu anayekosa usingizi kwa namba. Kuna nini?

MzeeWaMikindani: Hesabu zimenitesa mimi. Kuna mwaka niliuza korosho kwa kangomba, yaani kienyeji nje ya mnada, jamaa ananipimia kwa bakuli, eti bakuli ni kilo. Kufika nyumbani nikapima kwa mizani, nililia.

LigulaKwetu: Mzee, tunaongelea tasa hapa. Mleta uzi, sema.

KoroshoMbichi: Haya. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Nimebakiza laki nne za mahari. Kasema nikipatia hiyo namba, deni limekufa. Nikikosa, deni liko palepale na nampulizia salfa mikorosho eka tano. Na nimeshamtumia meseji: ni tasa.

Chikongola: Kwa hiyo umekuja kuomba ushauri au rambirambi?

KoroshoMbichi: Sikubahatisha! Ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Fermat, Mfaransa yule, aliamini namba za ukoo huo (kipeo 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea) zote ni tasa. Zinaanzia 3, 5, 17, 257, 65,537, zote tasa kweli. Hii ndiyo inayofuata. Mimi nani nimpinge?

MamaNasra: Mahari ya mtoto wa watu hailipwi kwa fumbo. Tafuta hela, baba.

FundiRedio: Fermat alikosea. Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alionyesha mwaka 1732: 641 × 6,700,417. Wewe umeishia 97, wakati ili uwe na hakika unatakiwa ukaribie 65,536 (takriban kipeuo cha pili cha namba hiyo), na chini ya hapo kuna tasa 6,542. Euler hakuhitaji zote hizo. Baadaye alieleza kwamba kigawo tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibaki 1. Basi unajaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641. Mara tano tu.

KoroshoMbichi: Labda mzee naye anamwamini Fermat.

Chikongola: Mwalimu wa hesabu? Pole.

LigulaKwetu: Ngojeni kwanza. Vikokotoo vya dukani vingi ni vya tarakimu 8. Hii namba ina 10. Uliingizaje? Hii chai, tena ya rangi.

MzeeWaMikindani: Na salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, mbona msimu umepita? Sasa hivi watu wako mnadani.

KoroshoMbichi: Salfa ni ya msimu ujao, mzee. Kikokotoo ni cha dukani kwa shemeji, kina tarakimu 12.

LigulaKwetu: Piga picha tukione.

KoroshoMbichi: Duka limefungwa.

LigulaKwetu: 😂😂 Sukari imezidi.

MamaNasra: Hata kama ni chai, mimi nataka kujua huyo binti anasemaje.

KoroshoMbichi: Binti amelala. Wakuu, mzee kajibu sasa hivi. Anasema nimekosa, ila ananipa nafasi moja ya mwisho: je, 6,700,417 ni tasa?

FundiRedio: Usiguse hiyo simu. Nipe dakika kumi.

KoroshoMbichi: Nimeshajibu.