Barua pepe za ofisi: paswadi moja watu wote, folda shaghalabaghala. Nimechoka!

Wadau, salaam. Nina hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Mimi niko kitengo cha nyaraka kwenye ofisi ya kliaringi, yaani ya kuwatolea wateja mizigo bandarini, hapa Mombasa, jina la ofisi naliacha. Kazi yetu yote inapita kwenye barua pepe. Meli ikikaribia Kilindini, wakala wake anatuma notisi. Mteja anatuma BL (hati ya shehena ya meli) na ankara. CFS, wale wa stoo za kontena nje ya bandari, wanatuma bili yao. Huwezi kugusa mfumo wa forodha kabla karatasi za mteja hazijakufikia. Sasa niambieni, ofisi ya namna hiyo inawezaje kuwapa watu wote akaunti moja na paswadi moja, halafu ikajisifu kwamba tunashirikiana?

Anwani ni moja tu, imefungwa kwenye Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe, katika kila kompyuta: mapokezi, nyaraka, uhasibu. Vijana wa bandarini wanayo kwenye simu. Kila mtu anaunda folda anavyojisikia. Ukitazama upande wa kushoto wa skrini unakuta "KONTENA", chini yake "kontena mpya", halafu "kontena mpya 2", halafu "ZA HARAKA", halafu "za haraka usiguse". Kuna folda yenye jina la mfanyakazi aliyeacha kazi zamani, na ndani yake zimo barua za mteja tunayemhudumia hadi leo. Mteja huyo huyo ana folda nyingine kwa jina la kampuni yake, na nyingine tena kwa jina hilo lililokosewa herufi.

Lililonichoma hasa ni hili. Notisi ya meli iliingia asubuhi. Dada wa mapokezi akaifungua, akaona haimhusu, akaifunga. Basi, ikaishia hapo. Yale maandishi mazito ya barua mpya yakawa mepesi kwetu sote, maana seva, ile kompyuta kuu inayotunza barua, inaona akaunti moja na msomaji mmoja. Akisoma yeye, tumesoma wote. Mimi nikitafuta barua mpya nazitafuta kwa wino mzito, na hiyo haikuwa na wino mzito tena. Kontena likashushwa, likakaa. Siku za bure zikaisha, stoo ikaanza kuhesabu, na mwenye kontena, yaani kampuni ya meli, naye akaanza kudai dimareji yake, tozo ya kulichelewesha, kwa dola. Mteja akapiga simu anafoka, na simu ikaletwa kwangu: "Si wewe ndiye wa nyaraka?"

Kuna na la mhasibu. Yeye hapendi kikasha kilichojaa, kwa hivyo anazivuta barua na kuziangusha kwenye zile folda za ndani zinazokaa chini kabisa ya orodha. Folda hizo ziko kwenye diski ya kompyuta yake tu. Ukihamishia barua kule, programu inainakili kwenye mashine yako kisha inaiondoa kwenye seva. Kwake ipo, kwetu haipo. Tulitafuta bili za CFS mpaka tukaanza kushukiana, kumbe zimo kwenye kompyuta ya mtu aliye likizo Lamu, na kompyuta imefungwa kwa paswadi yake. Programu haina kosa hapo, imefanya ilichoamrishwa. Kosa ni la waliomkabidhi mtu kikasha cha ofisi nzima bila kumwonyesha ipi ni folda ya seva na ipi ni ya mashine yake.

Bosi naye ana laptopu ya zamani nyumbani Nyali iliyofungwa kwa POP3 (njia ya kuzishusha barua kwenye mashine) badala ya IMAP (njia ya kuzisoma zikiwa kwenye seva), na pale pa kuacha nakala kwenye seva hapakutiwa tiki. Akiiwasha usiku, inazoa kila kilichomo kikashani. Asubuhi sisi tunaulizana nani kafuta.

Halafu kuna mambo ya siri, na hapa ndipo ninapokasirika kweli. Hati ya mshahara ya mwenzetu ilitumwa kwenye anwani hiyo hiyo, kwa sababu hana nyingine ya kazi. Majibu ya hospitali ya mwingine yamo humo. Maskini akaunda folda akaiita "BINAFSI". Binafsi gani, ilhali kila mwenye paswadi anaifungua? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na taarifa za afya ya mtu zimetajwa humo kuwa data nyeti. Ofisini kwetu zinasomwa na kila anayepita.

Na dawa ipo, tena ya miaka mingi! IMAP aliianzisha Mark Crispin kule Stanford mwaka 1986, ili barua zikae kwenye seva na mtu azifikie kutoka mashine yoyote. Mwaka 1997 ukatoka utaratibu wa kugawa ruhusa folda kwa folda, ukafanyiwa marekebisho 2005. Katikati hapo, 1998, ukaja wa kuzitenga folda zako, folda za wenzako na folda za pamoja. Ruhusa zenyewe ni herufi tu: l ni kuiona folda kwenye orodha, r kusoma, s kubadilisha alama ya kusomwa, i kuingiza barua, t kuitia barua alama ya kufutwa, e kuiondoa moja kwa moja, a kuwagawia wengine ruhusa. Mapokezi ukiwapa l na r bila s, watasoma watakavyo na wino mzito utabaki palepale. Mhasibu akinyimwa t na e, hawezi kuondoka na bili za watu. Seva kama Dovecot na Cyrus zinayafanya haya. Kila mtu anapata anwani yake na folda zake asizozifungua mwingine, na za pamoja anabofya akaunti kwa kitufe cha kulia, anachagua kujisajili, anatia tiki folda zinazomhusu. Kuna ugumu gani hapo?

Nilimweleza fundi wetu wa kompyuta. Akanijibu, "Dada, mwapenda mambo makubwa. Si barua zote mwaziona?" Bosi akasema akaunti nyingi ni gharama. Dola za dimareji zilizolipwa kwa notisi ile moja hazikuwa gharama?

Na tafadhali, asije mtu hapa kuniambia tuhamie WhatsApp. Karatasi ya mteja haiwezi kukaa kwenye simu ya kijana ambaye kesho atahamia ofisi nyingine.

Ninachotaka ni wale mlioko kwenye kliaringi, au ofisi yoyote iliyowahi kutoka kwenye akaunti moja ikaenda kwenye folda za pamoja zenye ruhusa. Mlizipanga vipi, kwa jina la mteja au kwa namba ya BL? Herufi ya a mlimpa nani? Na zile barua zilizolala kwenye mashine ya mtu mmoja mmoja, mlizirudisha kwenye seva zote kwa mkupuo au folda moja moja? Nataka majibu ya watu waliofanya, niyachapishe nimpelekee bosi mezani.