Malori usiku mtaani: kuna sheria yoyote au ndo kuvumilia tu?

Kona_ya_Pili
Wakuu salama? Naomba mawazo hasa kwa wanaozijua hizi sheria ndogo za halmashauri. Mtaa wetu ni makazi kabisa, nyumba zimebanana, ila ikafunguliwa yadi ya malori mwisho wa barabara na tangu hapo usingizi umekuwa wa mang'amung'amu. Saa kumi alfajiri yanawashwa yanaunguruma pale pale yamesimama nusu saa nzima, halafu ule mlio wa rivasi pii pii pii, na mchana kuna mengine ambayo hata si ya hiyo yadi yanakatiza humu humu kukwepa foleni ya barabara kuu, vyombo kabatini vinagongana yani. Madereva tumeongea nao wanatujibu barabara ni ya umma. Trafiki naye kasema lori linalotembea zake halijavunja sheria. Sasa hivi kweli hakuna kifungu kinachogusa kelele za namna hii? Na kile kipimo cha desibeli cha kwenye simu kinafaa kuwa ushahidi?

mzee_wa_vifungu
Trafiki hajakudanganya mkuu, kajibu la kwake. Shida ni kwamba umebeba malalamiko matatu kwenye gunia moja na kila moja lina mwenyewe. Lori linalopita ni suala la mamlaka ya barabara, maana wao ndo wanaweka kibao cha kuzuia uzito au saa za kupita, bila kibao trafiki hana cha kumkamatia mtu. Lori lililosimama linaunguruma ni suala la kero, hapo nenda kwa watu wa afya na mazingira wa halmashauri, miji mingi ina kifungu cha kuacha injini ikiwaka gari limesimama, New York kwa mfano mwisho dakika 3, na karibu na shule dakika 1. Ila yadi yenyewe ndo kiini, na huko ndo watu huwa hawaendi. Yadi ina kibali cha matumizi ya ardhi na leseni ya biashara, na hivyo vitu mara nyingi vina masharti, saa za kufungua, idadi ya magari, wapi pa kutokea. Kaombe uyaone hayo masharti kabla hujaandika barua yoyote. Ukikuta wameandikiwa kuanza saa kumi na mbili na wao wanaanza saa kumi, huna haja hata ya kupima kelele, kesi imeshajitengeneza yenyewe.

Na kuzuia malori usiku si jambo geni duniani. London wana utaratibu tangu 1985 wa kudhibiti malori ya zaidi ya tani 18 kwenye barabara nyingi za makazi usiku na wikiendi, anayetaka kupita anaomba ruhusa na analazimika kufuata njia kubwa mpaka pale anapokaribia anakokwenda. Uswisi ndo kabisa, malori ya zaidi ya tani 3.5 hayatembei kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na Jumapili pia yanapumzika.

Dereva_Trela
Naona humu lori ndo shetani. Ngoja niongee kama mtu wa usukani. Kwanza nyie wa mjini ndo mlotufukuza mchana, miji kibao inakataza malori saa za foleni, Delhi hivyo, Manila hivyo, sasa mzigo ukatazwe mchana na usiku nao ukatazwe upite lini, angani? Pili lori la breki za upepo haliondoki ukishawasha tu, lazima matangi yajae upepo kwanza maana bila presha breki hazijiachii, hiyo ni usalama wenu na wetu.

Ila nisiseme uongo, nusu saa ni uvivu. Matangi yanajaa ndani ya dakika chache tu, na injini za siku hizi hazihitaji kupashwa moto muda wote huo. Ukiona lori linaunguruma kila alfajiri muda mrefu hivyo, ama dereva kawasha akaenda kunywa chai, ama upepo unavuja usiku kucha na asubuhi wanaanza kujaza kutoka sifuri, na hilo la pili ni bovu, linatakiwa gereji. Tena mwenye yadi anapoteza hela, injini kubwa ya dizeli ikisimama inawaka inakula kama lita 3 kwa saa, zidisha kwa malori yake yote. Mwambie hivyo atakusikiliza kuliko ukimwambia habari ya usingizi wako.

Na ule mlio wa rivasi dawa yake haina hata gharama. Wakirudi jioni waingie kwa rivasi waegeshe pua inaangalia geti, alfajiri wanatoka kwa mbele, hakuna pii pii. Wasipotaka hilo kuna zile alamu zinazotoa mlio wa "shhh shhh" badala ya filimbi, aliye nyuma ya gari anasikia vizuri na anajua kabisa lori liko upande gani, ila ukisogea mbali kidogo sauti inakufa. Msiwaambie wakate waya wa alamu lakini, siku utingo akikanyagwa mtajilaumu.

binti_mtulivu
Wekeni tuta barabarani hao wa kukatiza watakoma wenyewe.

Sauti_na_Waya
@binti_mtulivu hapana dada yangu, tuta kwa malori linaweza kuongeza kelele badala ya kupunguza. Gari dogo litapunguza mwendo sawa, ila lori tupu likiruka tuta bodi lote linalia, minyororo, milango ya nyuma, halafu linabreki kabla na kukanyaga mafuta baada, na ule mtikisiko wa ekseli unaingia ardhini moja kwa moja. Jirani wa pale kwenye tuta ndo anaumia kwa niaba ya mtaa mzima. Vyombo kugongana kabatini mimi ningeanza kukagua barabara yenyewe, shimo, kiraka kilichozama, mfuniko wa chemba uliolegea. Uso wa barabara ukiwa sawa mtikisiko mwingi unaondoka, na hiyo ni kazi ya matengenezo ya kawaida, haihitaji kikao cha madiwani kupitisha sheria.

Sasa kuhusu simu. Kama ushahidi peke yake usitegemee, maiki ya simu imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu na hakuna aliyeithibitisha kama kipimo. Zaidi ya hapo desibeli zinazoandikwa kwenye sheria mara nyingi ni zile za kipimo cha A kinachofuata sikio, na hicho kinapunguza sana besi, wakati lori lililosimama linaunguruma ni besi tupu, ndo inayopenya ukuta na dirisha lililofungwa. Kwahiyo unaweza ukapima ukapata namba ndogo na huku kitanda kinatetemeka. Ukipeleka malalamiko andika wazi kwamba ni mngurumo wa chini, uombe wapime chumbani pia sio getini tu.

Halafu kuna mtego wa wastani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 walitoa mwongozo kwa kanda ya Ulaya, kelele za barabarani usiku zisizidi desibeli 45 nje ya nyumba, ila huo ni wastani wa usiku mzima. Malori manne yanayopita saa nane mpaka saa kumi hayapandishi sana wastani lakini yanakuamsha mara nne. Na kinyume chake, ukipunguza malori nusu kabisa wastani unashuka desibeli 3 tu, mtu wa ofisini anaangalia karatasi anasema hakuna kilichobadilika. Mkidai kitu, daini kikomo cha mlio mmoja mmoja na saa za ukimya, msidai wastani.

mkata_sailensa_hapana
Na hawa wa pikipiki waliotoboa sailensa je?? malori angalau yanafanya kazi. Paris mwaka 2022 walifunga rada za kelele, maiki kadhaa na kamera, inajua mlio umetoka chombo gani inapiga picha namba. Huku kwingine mpaka polisi afike jamaa yuko wilaya nyingine

Kona_ya_Pili
Nashukuru sana wakuu, hilo la kuegesha pua mbele hatukuwahi kuliwaza hata. Swali la nyongeza, kule mwanzo wa barabara kuna kibao cha zamani kimeandikwa tani 5, kimefifia, na malori yanapita kama hakipo. Je hapo si wote wanavunja sheria?

mzee_wa_vifungu
Inategemea kibao kiliwekwa kwa sababu gani. Kama ni cha kulinda daraja au karavati basi hakuna cha msamaha, kizito hakipiti. Kama ni cha kulinda makazi mara nyingi chini yake kuna kibao kidogo kinachoruhusu wanaoshusha mzigo au wenye yadi ndani ya eneo, hivyo malori ya jirani yako yanaweza kuwa halali na wale wa kukatiza ndo wenye kosa. Na kibao kilichofifia wakili wa dereva anakifurahia sana, atasema mteja wake hakusoma kitu. Omba kipakwe rangi upya kwa barua, barua ipigwe muhuri wa kupokelewa. Baadae anzeni daftari la mtaa, tarehe, saa, namba ya gari, limepita au limeshusha mzigo, limewaka dakika ngapi, aandike kila jirani kwa mkono wake. Malalamiko ya nyumba moja yanaitwa ugomvi wa majirani.

Dereva_Trela
Na hapo kwenye daftari andikeni rangi ya bodi na jina lililoandikwa ubavuni, namba ya trela na ya kichwa hazifanani, wengi wanaandika ya trela halafu inaonekana ni gari la mtu mwingine kabisa.

Kona_ya_Pili
Hahaa hiyo sikuwa najua mkuu. Jumamosi tunakutana majirani, naanza na mwenye yadi, barua ya kibao inafuata. Ntaleta mrejesho.