Horyuji au Todaiji? Mama ana siku moja tu Nara

BintiTanga: Wakuu habari. Mama amekuja kunitembelea hapa Osaka, Japani, na imebaki siku moja ya kumpeleka kwenye mahekalu ya Kibudha. Magoti yanamsumbua. Marehemu baba alikuwa seremala, kwa hiyo mama akiingia jengo lolote huangalia mbao kwanza. Nimpeleke wapi?

Msafiri77: Todaiji. Budha wa shaba ana urefu wa karibu mita 15, alizinduliwa mwaka 752. Ukivuka mlango unanyamaza mwenyewe. Nje kuna kulungu wanaokula mkononi mwako.

FundiMbao: Kwa mke wa seremala, Horyuji. Ilianzishwa na mwanamfalme Shotoku mwaka 607, ikaungua 670, ikajengwa upya, na mnara wake wa ghorofa tano ni kati ya majengo ya mbao ya kale kuliko yote yaliyobaki duniani. Wataalamu walihesabu pete za nguzo ya katikati wakakuta mti wake, hinoki (mberoshi wa Kijapani), ulikatwa mwaka 594. Nguzo hiyo haibebi ghorofa hata moja. Inabeba pambo la kileleni tu, na kila paa limekalia mikono yake ya mbao. Mwonyeshe mama nguzo za baraza linalozunguka uwanja, zimenenepa tumboni na kupungua juu. Wanaosema hamna msumari hata mmoja wanakosea. Imo, ya chuma cha kufuliwa.

Msafiri77: Na nguzo za Todaiji je?

FundiMbao: Ukumbi wa sasa ni wa 1709, mdogo kuliko wa kwanza. Miti minene ilikuwa adimu, wakaunga vipande na kuvifunga kwa pete za chuma. Nayo ni kazi ya kuheshimu, mama ataziona pete hizo mara moja.

MamaNuru: Binti, treni za Nara kutoka Tennoji, hapo Osaka, zinapita stesheni ya Horyuji. Shukeni hapo asubuhi, mchana akiwa na nguvu mwendelee Nara kwenye Todaiji. Kutoka stesheni kwa miguu ni dakika 20, kwa magoti hayo pandeni basi. Ndani ni changarawe, avae raba. Mpe shikamoo yangu.

BintiTanga: Marahaba, anasema. Tunaanza Horyuji. Anauliza kama hiyo nguzo ya 594 inaonekana.

FundiMbao: Chini imezungukwa na sanamu za udongo za mwaka 711, hataiona. Asimame uwanjani aangalie chini ya mapaa.