Stata ya lanchi ya Krismasi kwa wakwe: supu ya uyoga au sambusa? Naombeni ushauri

Binti_Muheza
Habari zenu wapendwa. Mi ni wa Tanga ila niko Mukono, Uganda, nimeolewa kwa Waganda mwaka wa nne huu. Kila Krismasi tulikuwa tunaenda kijijini kwa wakwe, sasa mwaka huu mama mkwe kasema lanchi iwe kwangu, nimehesabu watu 24 na watoto ndani. Chakula chenyewe sina wasiwasi nacho, kuna luwombo (mchuzi unaofungwa kwenye majani ya ndizi na kupikwa kwa mvuke) ya kuku na ya karanga, matooke (ndizi za kupika), wali, na mawifi wawili wanakuja kulala kwangu mkesha tusaidiane kufunga majani.

Kinachonisumbua ni kitu cha kuanzia. Watu hawatoki kanisani pamoja, wengine wanasali Namirembe kule Kampala wengine hapa hapa Mukono, kuna wa kufika saa sita na kuna wa kufika saa nane, na matooke hayafunuliwi mpaka watu watimie, sasa huyo wa saa sita mwenye watoto wadogo akae ananusa mvuke tu masaa mawili? Kwetu mgeni hakai hivyo, roho yangu haitatulia.

Nimewaza supu ya uyoga maana naiweza vizuri, au sambusa za nyama. Lakini nina sigiri (majiko ya mkaa) tatu tu na zote zitakuwa na masufuria tangu alfajiri. Halafu sitaki kitu cha kushibisha, luwombo ikibaki kwenye majani mama mkwe ataumia. Zimebaki siku tisa, nisaidieni.

Mzee_wa_Arua
Dada pole na maandalizi. Mimi kwa maoni yangu achana na stata. Huku mtu anakuja Krismasi kula chakula, ananawa mikono anawekewa sahani imejaa, basi. Hao watoto wape soda na vipande vya nanasi wasubiri na wenzao. Ukianza kugawa vitu vidogo vidogo mzee mwingine atadhani ndo chakula chenyewe, aondoke na huzuni.

Nnyabo_Masaka
Mzee wangu nakuheshimu ila masaa mawili ni mengi kwa mtoto na hata kwa bibi kizee, soda tupu kwenye tumbo lenye njaa si kitu.

Dada Muheza, kabla hujanunua huo uyoga nikuulize, wageni wako ni wa koo gani? Siyo mume wako tu, WOTE. Muganda wa ukoo wa Butiko hali uyoga, huo ndo muziro wake, yaani mwiko wa ukoo, na hawezi kusema leo ni sikukuu ngoja nionje. Wa Nsenene hali senene, wale panzi wa kuliwa. Kuna wa Nkejje hawali zile samaki ndogo, kuna wa Mpindi hawali kunde. Na usidhani ukishajua ukoo wa baba mkwe umemaliza, watu huku wanaoa nje ya ukoo wao, kwa hiyo mama mkwe ana wake, mashemeji walioolea hapo wana wao, na watoto wanafuata ukoo wa baba. Meza moja ya watu 24 inaweza kuwa na koo sita.

Kingine, kama kuna jaja, yaani bibi, wa miaka 80 na zaidi muulize mapema kama anakula kuku na mayai. Zamani wanawake wa Kiganda hawakuwa wanakula, na wako waliobaki na hiyo mila mpaka leo. Nyanya yangu mimi alikufa hajaonja kuku, kila Krismasi tulimfungia luwombo yake ya karanga peke yake na alikuwa anafurahi kwamba tumemkumbuka.

Mhaya_Kampala
Mi ningesema senene tu!! Ule msimu wa Novemba ukiisha unakuta bado zipo sokoni, unazikaanga bila mafuta maana zina mafuta yao, kitunguu, chumvi, pilipili kidogo, mtu anachota kiganja kimoja anaendelea na stori. Haishibishi na haihitaji sahani. Ila Nnyabo kasema kweli, uliza koo kwanza, na Desemba bei inakuwa imepanda sana.

Jiko_la_Jinja
Napika kwenye masherehe, nikwambie kitu kuhusu sambusa. Watu 24 utataka angalau 60, kuzikunja ni usiku mzima, na lazima zikaangwe papo hapo ziwe na maana, yaani sigiri moja imeenda na mtu mmoja amekaa na mafuta ya moto huku watoto wanakimbia. Zikipoa zinalegea. Na mtoto akila tatu luwombo haiangalii tena. Sambusa weka jioni na chai.

Supu ndo jibu, lakini ipike saa kumi na moja asubuhi KABLA matooke hayajapanda motoni, halafu itie kwenye themosi. Kila mtu nusu kikombe, weka mililita 150, mara 24 ni lita tatu na nusu hivi, kwa hiyo themosi mbili za lita mbili zinatosha. Kwanza mimina maji yanayochemka ndani, funga dakika tano, mwaga, ndo utie supu ikiwa inatokota. Usipopasha themosi, ukitia supu kwenye chupa baridi saa sita utawapa watu kitu cha uvuguvugu na tumbo litawauma. Usiweke maziwa wala krimu, itachacha. Na ichujwe iwe nyepesi ya kunyweka, nzito inakwama mdomoni mwa chupa. Tafuta themosi ambayo haijazoea chai ya tangawizi na mdalasini, ile harufu haitoki.

Kama uyoga una mashaka chukua boga. Kilo mbili za nyama ya boga, maji lita mbili, kitunguu, kitunguu saumu, chumvi. Boga lenyewe ni tamu, watoto wanalipenda.

Binti_Muheza
Jamani asanteni, Nnyabo Mungu akubariki. Mume wangu ni wa Ngeye, yule mbega, nikawa najiambia muziro wake hauwezi kuingia jikoni kwangu hata siku moja kwa hiyo niko salama, sikuwahi kuwaza wengine. Jana usiku nimempigia wifi mkubwa. Mume wake ni wa Butiko! Na watoto wao wanne wote. Watu watano wangekaa kwangu siku ya Krismasi wanaangalia wenzao wanakunywa, na kwa adabu yao wasingesema neno. Nimekosa usingizi nikiwaza.

Basi ni boga. Nitaongeza tangawizi mbichi kidogo, na tui, kopo moja tu, maana nataka kuwe na kitu cha Tanga pale mezani. Au tui nalo litachacha kama maziwa?

Jiko_la_Jinja
Tui pia silipendi kukaa masaa saba na zaidi kwenye chupa. Liweke pembeni kwenye bakuli, kopo lifunguliwe wageni wakianza kufika, kila mtu anatiwa kijiko chake juu.

Nnyabo_Masaka
Na jaja je, uliuliza?

Binti_Muheza
Nimeuliza, kuku hali. Nimeshamtengea majani yake ya karanga. Supu watapeleka watoto, kwa mila ya huku mimi na baba mkwe hatugusani kwa hiyo sitaki kumpa kikombe mkono kwa mkono. Themosi moja ninayo, ya pili naazima kwa jirani Jumamosi, na vikombe sita.